Kifaru Avae Nini?

Miongoni mwa maneno yaliyoingia majumbani mwetu bila kubisha hodi ni neno "tanki". Si tangi la kukingia maji ya mvua, wala si gari la jeshi. Ni jina wanalolitumia vijana wanaocheza michezo ya vita katika simu, wakimkusudia mpiganaji ambaye kazi yake ni kutangulia mbele ya wenzake na kupokea mapigo, ili wao walio nyuma wapate nafasi ya kupigana. Kiswahili kilikwisha kulipa gari la vita jina lake tangu zamani, nalo ni kifaru. Katika makala haya, basi, mpiganaji huyo naye tutamwita kifaru.

Mzazi wa Kasese mjini au wa Bwera anayemsikia mwanawe jioni akilalamika kwamba kifaru wao amevaa vibaya, aghalabu hudhani ni mzaha wa kitoto. Na ikiwa ameombwa shilingi za kumvika mpiganaji huyo, hasira humpanda, kwa kuwa sare ya shule yenyewe bado haijalipiwa. Wiki hii tutaeleza mambo mawili: jinsi vazi la kifaru linavyochaguliwa, na kwa nini sisi wa wilaya hii hasa tusilione swali hilo kuwa la upuuzi.

VAZI HALINUNULIWI KWA SHILINGI

Tuchukue mfano wa mchezo mmoja unaojulikana sana, Mobile Legends, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Moonton ya China. Wachezaji watano hupambana na wengine watano. Kila mpiganaji ana nafasi sita tu za kuweka zana zake. Dhahabu ya kununulia zana hizo hupatikana humo humo mchezoni, kwa kuwaangusha askari na wapinzani. Na kila pambano jipya huanza kwa mikono mitupu. Aliyeshinda jana haingii leo na ngao ya jana.

Mzazi na alifahamu jambo hili vizuri. Katika mchezo wa namna hii, ngao na deraya hazidai fedha ya nyumbani. Kinachouzwa kwa shilingi, kwa sehemu kubwa, ni sura: mavazi ya kupendeza, rangi na mapambo ya mpiganaji. Kijana asemaye kwamba bila ya kununua hawezi kushinda, aghalabu anataka kupendeza. Ipo michezo mingine inayouza nguvu yenyewe, na hiyo yafaa kuogopwa, kwa sababu mwenye fedha hushinda kabla ya kupigana. Tena bando lenyewe lina gharama yake. Mwezi Julai 2021 serikali yetu iliweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti.

MTAZAME ADUI KWANZA

Kosa la kwanza la wachezaji wengi ni kuuliza, "Vazi gani ni bora kuliko yote?" Vazi la namna hiyo halipo. Swali la haki ni hili: adui anapiga kwa nini?

Katika michezo hii mapigo makubwa ni ya aina mbili. Liko pigo la silaha, yaani upanga, mshale na risasi. Na liko pigo la uchawi. Kila moja lina kinga yake, na kinga ya moja haizuii la pili. Hata viatu huchaguliwa kwa kanuni hiyo: Warrior Boots hukinga silaha, na Tough Boots hukinga uchawi. Athena's Shield ni ngao ya uchawi. Blade Armor humrudishia mpigaji sehemu ya pigo lake la silaha. Dominance Ice hupunguza kasi ya adui na nguvu yake ya kujiponya. Immortality humrudishia aliyeanguka uhai wake, kisha hukaa dakika kadhaa kabla ya kufanya kazi tena. Watengenezaji hubadilisha nguvu za zana hizi mara kwa mara, lakini kanuni haibadiliki.

Haya si mageni kwetu. Kofia ngumu ya mchimba shaba wa Kilembe ilimkinga na jiwe lidondokalo kutoka juu. Haikumkinga na vumbi liingialo puani.

HESABU YA KIFARU

Watoto wetu wanaochukia hesabu hawajui kwamba wanazifanya kila jioni. Katika League of Legends, mchezo wa jamii hiyo uliotolewa mwaka 2009 na kampuni ya Riot Games ya Marekani, kinga ya 100 hupunguza pigo kwa nusu, kinga ya 200 kwa theluthi mbili, na kinga ya 300 kwa robo tatu.

Tuseme kifaru ana uhai wa 1,000 na kinga ya silaha ya 300. Pigo linamfikia robo tu, kwa hiyo anastahimili mapigo ya silaha ya jumla ya 4,000. Mwenzake mwenye uhai wa 2,000 na kinga ya 100 tu, naye anastahimili 4,000 vile vile. Lakini mwenye uhai wa 2,000 na kinga ya 200 anastahimili 6,000. Hapo twaona kwamba uhai na kinga huzidishana. Anayelundika kimoja na kusahau kingine hujipunja.

Na tumrudie yule wa kwanza. Ikiwa nafasi zake zote amezijaza kinga ya silaha na ya uchawi hana kabisa, mchawi atamwangusha kwa pigo la 1,000. Kwa silaha ni mtu wa 4,000; kwa uchawi ni mtu wa 1,000; na adui hatachelewa kuligundua hilo. Lipo pia pigo lisilojali kinga yoyote, na dawa yake ni wingi wa uhai peke yake.

Kwa ufupi, ndugu msomaji, kijana anayetaka kumvika kifaru wake na afuate utaratibu huu. Awahesabu wapinzani: wangapi ni wa silaha, wangapi ni wa uchawi. Amtazame ni nani kati yao aliyekwisha kupata nguvu, kwa maana huyo ndiye wa kukingwa kwanza. Aanze na viatu, kwa kuwa ni rahisi na humfikisha mahali pa kazi. Asijaze zana za kuulia, maana kazi ya kuua ni ya wengine, na kifaru kwa kawaida hupata dhahabu kidogo kuliko wenzake. Mwisho, nafasi moja aiache wazi moyoni mwake, ili aweze kubadili shauri adui atakapobadili silaha.

NGOZI NENE PEKE YAKE

Mnyama kifaru mwenyewe ni shahidi. Alipewa ngozi nene ambayo wanyama wenzake hawaitobowi kwa urahisi. Lakini aliyemjia hakuja na meno. Alikuja na bunduki, akitaka pembe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vifaru wa mwituni walikuwa wamekwisha Uganda nzima. Waliorudishwa tangu mwaka 2005 katika hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, wanalindwa na askari wanaowafuata usiku na mchana. Kinga yao mpya si ngozi. Ni wenzao wanaosimama karibu.

BWERA WALIPOSIMAMA MBELE

Sasa tuje nyumbani. Bwera iko jirani kabisa na mpaka wa Mpondwe, ambako watu huvuka kwenda na kurudi kwa ajili ya soko, shamba, mazishi na harusi. Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, ng'ambo ya mpaka huo. Kila mtu alijua kwamba ikiwa maradhi yatavuka, watu wa kupokea pigo la kwanza ni wauguzi na matabibu wa upande wetu. Hao ndio vifaru wetu wa kweli, nao hawana nafasi ya kuanza mchezo upya.

Walivikwaje? Adui alitazamwa kwanza. Ebola huingia kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa, yakigusa jicho, mdomo, pua au ngozi iliyochubuka. Kwa hiyo vazi lake ni lile lisiloacha mlango: glavu jozi mbili, joho lisilopenyeza maji, aproni, buti, barakoa, kifuniko cha kichwa na kinga ya macho. Tena mwilini mwenyewe iliongezwa chanjo. Kazi ya kuwachanja wahudumu wa afya ilianza Novemba 2018, na kufikia Juni 2019 karibu wahudumu 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamechanjwa, adui akiwa bado hajafika.

Alifika mwezi huo huo. Mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na jamaa zake alipelekwa Hospitali ya Kagando. Wahudumu wakazitilia shaka dalili zake, akahamishiwa kituo cha Ebola cha Bwera, na tarehe 11 Juni 2019 ikatangazwa kwamba ndiyo. Mtoto huyo, bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 walifariki. Mwezi Agosti msichana wa miaka 9 alitambuliwa pale pale mpakani Mpondwe, akapelekwa Bwera, naye akafariki. Tunawakumbuka kwa huzuni. Lakini maradhi hayakuenea ndani ya Uganda kutokana na wagonjwa hao. Mlipuko huo ulipotangazwa kwisha Kongo, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200.

Nafasi moja iliyoachwa wazi inagharimu nini? Uganda ilijua jibu tangu mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu na kuua watu 224. Dkt. Matthew Lukwiya, aliyeiongoza Hospitali ya Lacor, alisimama mbele ya wauguzi wake muda wote. Maelezo yaliyoandikwa baadaye yanasema kwamba usiku mmoja alikimbilia kumsaidia muuguzi aliyekuwa mahututi, akiwa amevaa barakoa, kofia, joho na glavu, ila hakuwa na kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Na kwamba vazi la adui mmoja halimfai adui mwingine, tulilijua mwaka 2022. Ebola ilipozuka Mubende mwezi Septemba, ilikuwa ya aina ya Sudan. Chanjo iliyotumika Kasese ilikuwa ya aina ya Zaire, na haikufaa. Wahudumu wa afya 7 walikuwa miongoni mwa watu 55 waliothibitishwa kufa kabla mlipuko huo haujatangazwa kwisha Januari 2023.

Liko jambo moja ambalo mchezo wa simu haulifundishi. Mpiganaji wa kwenye simu havui vazi lake. Muuguzi hulivua, na hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa nje ya vazi pamechafuka. Ndiyo sababu hulivua hatua kwa hatua, mwenzake akimtazama na kumwelekeza. Na joto la ndani ni kali, hata kwamba hawezi kukaa nalo muda mrefu. Lazima awepo wa kumpokea zamu.

KIFARU WA NYUMBANI

Kila nyumba ina mtu anayesimama mbele. Mara nyingi ni mama, au binti mkubwa, anayemwuguza mgonjwa usiku wakati wengine wamelala. Tumvike kwa kanuni ile ile. Adui akiwa malaria, vazi ni chandarua kilichotiwa dawa. Akiwa ni kuhara, vazi ni sabuni na maji yaliyochemshwa, wala barakoa haitasaidia. Akiwa ni homa yenye kutapika na kutoka damu, vazi halimo nyumbani kabisa: mgonjwa asiguswe kwa mikono mitupu, na kituo cha afya kiarifiwe mara moja. Na kwa kijana wa bodaboda aendaye Mpondwe kila siku, vazi ni kofia iliyofungwa mkanda kidevuni, si iliyotundikwa kwenye usukani.

Kwa hiyo mzazi asiharakishe kumnyang'anya mwanawe simu. Aketi naye na kumwuliza: adui wenu leo anapiga kwa nini? Kifaru wenu amekingwa wapi, na wapi yu wazi? Akishaanguka, nani yuko nyuma yake? Kijana atajibu kwa furaha. Kisha aulizwe maswali hayo hayo juu ya mama yake anayeuguza, na apewe kazi ya kuhakikisha kwamba sabuni na glavu hazikosekani nyumbani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuligawa bando la nyumba kati ya masomo, biashara na michezo, bila ya ugomvi.