Acha Kuichomelea Pikipiki Ili Ibebe Lumbesa

Siku hizi nikipita vijijini, swali ninaloulizwa sana halihusu mbegu wala dawa. Ni hili: "Afisa, pikipiki yangu imezeeka na mzigo unaongezeka. Nimpe fundi aiongezee nguvu, au nichukue mpya?"

Jibu langu halitawafurahisha mafundi wa kuchomelea wala wauza pikipiki wa mjini. Kwa wengi wenu mnaoteremsha mazao kutoka Uluguru, njia zote mbili ni hasara. Pikipiki ya zamani ambayo bado nzima itengenezwe ipande vizuri na isimame vizuri, basi. Isibadilishwe ili ibebe zaidi. Mzigo ukizidi, badilisheni namna ya kuusafirisha.

"Kuiongezea" maana yake nini?

Tunayaona kila siku ya soko. Mkono wa nyuma unakatwa na kurefushwa kwa vyuma vya dirisha. Shokapu zinaongezwa zikawa nne. Keria inachomelewa ndefu mpaka inapita taa ya nyuma. Kisha linapanda gunia la lumbesa, na juu yake mkungu wa ndizi.

Pikipiki za cc 125 na cc 150 tunazotumia huku zimetengenezwa kubeba watu wawili na kifurushi. Uzito wake wa mwisho umeandikwa kwenye kijitabu chake. Gunia la kilo 100 peke yake tayari ni mtu mzima na mtoto. Lumbesa ni zaidi ya hapo, na dereva bado hujamhesabu.

Fundi akirefusha mkono wa nyuma, breki zimebaki zilezile. Ngoma ya breki ni ileile, upana wa viatu vyake ni uleule, spoki ni zilezile. Umeongeza kilo, hujaongeza chochote cha kuzisimamisha. Mtu wa Mlandizi kwenye tambarare anaweza kuishi na kosa hilo kwa muda. Wewe unayeshuka kutoka Tegetero au Nyandira huwezi. Kwenye mteremko mrefu breki ya ngoma inapata moto, na ikishapata moto inashika hafifu. Unakanyaga, pikipiki inaendelea kwenda.

Kuna na suala la chuma chenyewe. Pale pembeni ya mshono wa kuchomelea chuma kimepikwa na moto, na mara nyingi ndipo kinapokatikia. Hakikatiki pikipiki ikiwa imesimama kwa fundi. Kinakatika kwenye shimo, mzigo ukiwa juu, bonde likiwa upande mmoja.

Injini haiongezwi kwa kuchongwa

Wengine mnaambiwa, "Tuchonge bloku, tuweke pistoni kubwa, itakuwa na nguvu ya ajabu." Naomba tuelewane. Pistoni za saizi ya juu, yaani 0.25, 0.50 na kuendelea, zipo kwa ajili ya kufuta uchakavu wa silinda. Tofauti hiyo ni robo au nusu ya milimita. Itarudisha nguvu iliyopotea, na hiyo ni kazi nzuri kama injini inakula oili. Nguvu mpya ya kubebea lumbesa haitakuletea.

Na ukibadilishiwa fremu nzima, angalia kadi yako. Namba ya chesesi iliyoandikwa kwenye kadi ndiyo inayotakiwa kuonekana kwenye chuma. Zisipofanana, siku ya kuuza au siku ya kukaguliwa barabarani una kesi ya kueleza. Soma pia masharti ya bima yako kuhusu chombo kilichobadilishwa umbo, kabla ajali haijakulazimisha kuyasoma.

Na ile mpya ya mkopo?

Hapa ndipo wauzaji wanaponichukia. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme unashuka sokoni mara tatu kwa wiki, na kila safari ukitoa mafuta unabaki na sh 12,000. Kwa wiki ni sh 36,000, kwa mwezi sh 144,000. Sasa tuseme pikipiki mpya, pamoja na riba, inakutaka urudishe sh 3,600,000 kwa mwaka. Hiyo ni sh 300,000 kila mwezi. Pengo ni sh 156,000 kila mwezi, na hapo hujala, hujanunua mbolea, hujalipa ada.

Kumbuka pia kwamba marejesho hayajui masika. Machi mpaka Mei njia zinateleza na safari zinapungua, lakini tarehe ya kulipa iko palepale. Wanaoziba pengo hilo wanafanya nini? Wanapakia zaidi. Kwa hiyo ile pikipiki mpya nayo inarudi kwa yuleyule fundi kuchomelewa keria ndefu. Umekopa mamilioni ukarudi ulipokuwa.

Najua mtakalonijibu: "Wewe afisa una pikipiki ya Serikali, maneno ni rahisi." Ni kweli, maafisa ugani tuligawiwa pikipiki mwaka 2022. Ila mimi nabeba karatasi na mkoba wa vipimo vya udongo, sibebi gunia. Pikipiki ikiwa nzima na haijazidishiwa mzigo inapanda milima hii bila shida. Hilo ndilo ninalowaambia.

Kabla hujatoa hata shilingi, ikague

1. Fremu. Osha pikipiki, kisha tazama shingo ya usukani na pale mkono wa nyuma unapofungwa. Ukiona ufa, au mshono wa zamani uliofichwa kwa rangi, usiitengeneze kwa ajili ya mzigo. Iuze kama spea.

2. Moshi. Moshi wa bluu unaotoka muda wote ni oili inayoungua, na mara nyingi ringi au silinda zimekwisha. Injini inatengenezeka, ila uliza bei kwanza.

3. Magurudumu. Inua gurudumu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekwisha. Gonga spoki moja moja. Inayolia tofauti na wenzake imelegea.

4. Spea. Je, zinapatikana Mkuyuni au Mzumbe, au lazima uende mjini kila mara? Pikipiki isiyo na spea karibu ni mzigo kwako hata ukipewa bure.

Jumlisha gharama yote ya kuifanya iwe nzima. Kanuni yangu ni hii: gharama ikizidi nusu ya bei ambayo ungeiuza ikiwa imeshatengenezwa, usitengeneze. Ikiwa chini ya hapo, tengeneza na uendelee na kazi.

Marekebisho yanayofaa mlimani

Sikatai kila badiliko. Yapo yanayosaidia na hayahitaji kukata chuma.

Kwanza, sproketi ya nyuma. Ukitoa ya meno 42 ukaweka ya meno 45, nguvu ya kuvuta inaongezeka karibu asilimia 7, na kasi inapungua kwa kiasi kama hicho. Mlimani hiyo ni biashara nzuri, maana hakuna anayekimbia kwenye kona za Kinole akafika salama. Huenda cheni ikahitaji kuongezwa pingili, na ni vizuri cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe kwa pamoja.

Pili, tairi lenye kashata nzito nyuma, hasa wakati wa mvua.

Tatu, viatu vya breki vipya mbele na nyuma. Hapa usibane matumizi.

Nne, keria fupi na ya chini, na matenga mawili pembeni yaliyolingana uzito. Mzigo uliokaa chini hauyumbishi usukani kama ule uliosimama juu ya kichwa cha dereva.

La tano halina gharama. Acheni kuzima injini na kuweka frii kwenye mteremko eti kuokoa mafuta. Shuka na gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia. Mafuta unayookoa hayafiki bei ya bandeji.

Adui ni lumbesa

Sasa tuseme lenyewe. Kwa nini mnachomelea? Kwa sababu mnunuzi analipa kwa gunia, na gunia lake ni lumbesa. Anapata kilo za bure, na wewe unazibeba kwa pikipiki yako, kwa mafuta yako, kwa mgongo wa kijana wako. Sheria ya vipimo imeshasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo yupo kwa kazi hiyo. Kila keria ndefu inayochomelewa ni msaada kwa mnunuzi anayewapunja. Mkikataa lumbesa mkiwa kijiji kizima, nusu ya sababu ya kubadilisha pikipiki imeondoka. Akikataa mmoja, mnunuzi anahamia kwa jirani. Kwa hiyo lijadilini kwenye kikundi chenu au AMCOS, na muuze kwa mizani.

Nusu iliyobaki inatatuliwa kwa kugawana safari. Pikipiki moja msiilazimishe kufanya kazi ya vyombo viwili. Pikipiki za zamani, zikiwa nzima, zishushe mazao kidogo kidogo kutoka mashambani mpaka barabarani. Kutoka hapo, iwe ni barabara ya Bigwa hadi Kisaki au ile ya Mgeta inayoshukia Mzumbe, mzigo wa watu wengi upande gari moja la kukodi. Mkiona kazi ni ya mwaka mzima, kikundi kinaweza kununua guta la kufanya kazi kwenye sehemu za barabara zilizo nzuri. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waulizie halmashauri ile mikopo ya asilimia 10. Haina riba, na deni linakuwa la kikundi, halimlalii mtu mmoja.

Kununua mpya peke yako kuna wakati wake: kama fremu ya zamani imekufa, na kama faida ya miezi yako mibaya, yaani ile ya masika, inatosha kulipa rejesho. Ukipiga hesabu kwa mwezi wa mavuno tu, muuzaji atakusifu na mkeo atalia.

Vijana wanaokaa juu ya zile lumbesa ni wetu. Mzazi, ukimpa mwanao pikipiki iliyorefushwa ashuke nayo mlimani kwa ajili ya kilo ambazo hulipwi, hesabu yako imekosewa tangu mwanzo. Wiki hii kagua fremu, nunua viatu vya breki, na mkae kikao kuhusu mizani.

Kazi njema.