Masika ya Pwani, Mvua za Meru na Embu

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa misimu ya mwaka kwa majina manne: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Huelezwa kwamba masika ni majira ya mvua kubwa za Machi hadi Mei, na kwamba vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba. Maelezo hayo yanamfaa mtu wa Mombasa, Lamu au Unguja. Huko ndiko majina hayo yalikokomaa, na pepo za kusi na kaskazi ndizo zilizokuwa kalenda ya mabaharia. Tatizo huanza maelezo hayo yanapopandishwa mlimani na kufikishwa Meru na Embu bila kubadilishwa hata nukta, kana kwamba Kenya nzima ni ufuo mmoja mrefu.

Meru inayakanusha waziwazi. Katika mji wa Meru na kwenye miteremko ya vilima vya Nyambene, mvua za Oktoba hadi Desemba kwa kawaida huzidi zile za Machi hadi Mei, na Novemba ndio mwezi unaoongoza. Sababu yake haina mwujiza wowote. Katika majira hayo pepo za kutoka kaskazini-mashariki huanza kuvuma zikiwa zimebeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Zikikutana na Nyambene na ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya hulazimika kupanda. Hewa hupoa, mvuke hugeuka wingu, na wingu hugeuka mvua. Hizo ndizo pepo zilezile za kaskazi ambazo mtu wa pwani huzihusisha na jua kali na majahazi ya kutoka Arabuni. Upepo mmoja, lugha moja, maana mbili! Hivyo basi, neno vuli likifundishwa kwa maana ya mvua haba, humwambia mtoto wa Igembe kinyume cha anachokiona kupitia dirisha la darasa lake.

Embu ina mkanganyiko wa aina nyingine. Mjini Embu, Aprili ni mwezi wa mvua nyingi na masika yanastahili sifa zake. Lakini Embu si mji tu. Msafiri akianzia kwenye majani-chai ya Mungania na Rukuriri, karibu na msitu wa mlima, atakuta baridi, ukungu na manyunyu yanayoendelea hata Julai. Akishuka hadi Runyenjes atapita katikati ya mibuni. Akiendelea kushuka hadi Siakago, Kiritiri au Ishiara, atajikuta katika nchi ya mtama, mawele, kunde, muguka na pojo, au ndengu kama wasemavyo Wakenya wengi. Safari hiyo humalizika kwa saa chache tu, ilhali kila mita 1,000 anazoshuka huongeza joto kwa nyuzi zipatazo sita za Selsiasi. Huko Mbeere, kama ilivyo Tharaka, misimu yote miwili ni mifupi, na ule ambao mkulima huutegemea zaidi ni wa Oktoba hadi Desemba. Yaani ndani ya kaunti moja masika ni mfalme juu na mgeni asiyetabirika chini.

Timau, iliyoko kaskazini-magharibi mwa Meru, imekingwa na mlima wenyewe. Ni nchi ya ngano na shayiri, yenye baridi na ukavu kwa pamoja, na haihitaji kuzungumziwa kwa kirefu. Ifahamike tu kwamba methali isemayo hakuna masika yasiyo na mbu ingewapa watoto wa huko kazi kubwa ya kuitolea mfano.

Huenda msomaji akauliza hasara iko wapi, maadamu wakulima wenyewe wanaijua mvua yao. Ni kweli wanaijua. Wala hawakusubiri kamusi iwafundishe. Hasara iko katika lugha ambayo serikali, shule na vyombo vya habari huitumia kuzungumza nao. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya imezoea kuziweka Meru, Tharaka-Nithi na Embu katika kundi moja la nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa, pamoja na Nyeri, Kiambu na hata Nairobi. Taarifa za kila kaunti nazo hutolewa, na hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, taarifa ikishafasiriwa kwa Kiswahili, maneno yanayosalia ni yaleyale: mvua ndefu, mvua fupi, masika, vuli. Anayesikia neno “fupi” hudhani amesikia neno “ndogo”.

Jambo hili linauma zaidi kwa sababu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo ambazo wanasayansi huweza kuzitabiri kwa uhakika mkubwa kuliko zile za Machi hadi Mei. Zinafungamana kwa karibu na El Niño na La Niña, na pia na tofauti ya joto kati ya pande za magharibi na mashariki za Bahari ya Hindi. Mafuriko ya mwishoni mwa 1997 yalikuja na mvua hizo. Ukame wa 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano mfululizo ilishindwa katika Pembe ya Afrika, ulizichukua vuli tatu, na miongoni mwa kaunti kame zilizokuwa zikifuatiliwa zilikuwemo Tharaka-Nithi na sehemu za Embu na Meru. Msimu unaotabirika vizuri, na ambao kwao hutegemewa chakula cha mwaka, ndio ambao Kiswahili sanifu kimeupa jina la mdogo.

Wapo watakaohofia kwamba kuyasikiliza mazingira ya bara ni kuibomoa lugha sanifu. Hofu hiyo haina mashiko. Neno ikulu lilitoka bara, na neno ngeli, ambalo hakuna mwanafunzi wa isimu anayeweza kumaliza siku bila kulitamka, linahusishwa na Kihaya. Wakikuyu, majirani wa Waembu, huita misimu yao miwili kwa majina ya mazao: njahi na mwere, yaani mawele. Jina la namna hiyo humwambia msikilizaji nini kipandwe, badala ya kupima ukubwa wa mvua kwa kipimo cha Mombasa. Masika na vuli hayana haja ya kufutwa. Yanayohitajika ni maelezo ya kamusi yanayotaja mahali, na vitabu vya shule vinavyokiri kwamba ukubwa wa msimu hutegemea upande wa mlima.

Kazi hii haipaswi kuachiwa wanajiografia peke yao. Tasnifu za Kiswahili zinazochambua jazanda ya mvua katika ushairi wa pwani hazikosekani. Tasnifu moja inayoanzia Kiritiri na kuishia Rukuriri, ikikusanya kutoka vinywani mwa wakulima majina ya mvua, ukungu, manyunyu na vipindi vya jua katikati ya msimu, ingewafaa wanaleksikografia na watangazaji vilevile. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Chuka viko kwenye miteremko hiyo hiyo. Nauli ya kwenda Kiritiri si kubwa, na wakati mwafaka wa kwenda ni mwanzoni mwa Oktoba, wazee wanapoyatazama mawingu na mbegu bado zikiwa ghalani.