Siku 14 za kupinga zabuni
Mzabuni wa Kenya anayeamini kwamba kaunti imempa mwingine kandarasi kinyume cha sheria ana siku 14 tu za kuwasilisha malalamiko kwa bodi ya mapitio ya ununuzi wa umma. Sheria ya 2015 inaipa bodi hiyo siku 21 kuamua, na muda wote huo mkataba hautiwi saini. Huo ni ulinzi wa kweli, tuulinde. Lakini ni wa wazabuni peke yao. Mama mboga, ambaye soko lake ndilo litakalojengwa kwa saruji hafifu, hana nafasi mbele ya bodi. Amebakiwa na mahakama, na wakili ni ghali. Hiyo si haki. Bunge liirekebishe sheria, wakazi nao wasikilizwe kabla ya saini.