Umeipigaje? Sema Basi!

Wadau, leo nina dukuduku. Juzi jamaa mmoja wa hapa chuo alituonyesha picha ya dada kasimama mbele ya ukuta mweupe, na uso unaonekana safi kabisa. Nikamuuliza, "Kaka, umeipigaje hii?" Eti, "Siri ya kazi." Kazi gani? Naye anapiga kwa kujifurahisha tu kama mimi!

Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea. Nikampiga picha kwenye ukuta huohuo, akatoka kama kivuli. Nikalaumu kasimu kangu. Baada ya kujaribu picha kama arobaini hivi ndio nikaelewa: kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na sisi weusi tunazama gizani. Dawa yake? Kwenye simu nyingi unagusa uso kwenye kioo, halafu unaongeza mwanga. Wenye kamera kubwa wanaanza na +1. Basi, hakuna uchawi hapo. Ila mama kesharudi kijijini, na ile picha ndiyo niliyobaki nayo.

Mimi nasomea ualimu. Mwalimu akiandika jibu ubaoni bila kuonyesha njia, tunanung'unika darasa zima. Mpiga picha akifanya hivyohivyo tunampigia makofi! Jamani, ukituonyesha picha, tuambie ilikuwa saa ngapi, mwanga ulitokea wapi, na ulikosea mara ngapi kabla ya kupatia. Vinginevyo unajisifu tu.

Au nimekosea, wadau?