Mvua Inapofuta Mchujo

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 2019 mvua ilinyesha katika uwanja wa mbio za magari wa Pocono, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Siku hiyo madereva wa mashindano ya IndyCar walikuwa wagombee nafasi za kuanzia mbio za kesho yake, kila mmoja peke yake njiani, akipimwa kwa saa. Mchujo huo ukafutwa. Msomaji wa Ngara, au wa kisiwa cha Bumbire, aweza kuuliza hayo yamhusu nini. Yamhusu, kwa sababu swali lililowakabili wakuu wa mashindano yale ndilo linalotukabili sisi kila masika: kipimo kikizuiwa na mvua, nani atangulie, na kwa haki gani?

Magari yale si kama haya tunayoyaona yakipita Lusahunga kuelekea Rusumo. Ni mepesi, yana kiti kimoja, magurudumu yake yamekaa wazi nje ya bodi, na hukimbia zaidi ya kilometa 320 kwa saa katika njia ya mviringo iliyozungushiwa ukuta. Matairi yake hayana meno ya kukata maji. Dereva wa lori anayeteremka Rusumo njia ikiwa imelowa hupunguza mwendo, akafika salama. Dereva wa njia ya mviringo hana nafuu hiyo, maana gari lake hushikamana na barabara kwa nguvu ya upepo unaolikandamiza chini, na upepo huo hutokana na mwendo wenyewe. Ndiyo maana huko mvua ikinyesha shughuli zote husimama.

Baada ya hapo maandalizi hubadilika. Gari lililotengenezwa kwa mizunguko michache ya kasi halina budi kurekebishwa kwa mwendo mrefu katikati ya magari mengine. Mvua nayo huwa imeosha mpira ulioachwa njiani na matairi, ambao husaidia magari kushika barabara, kwa hiyo dereva huanza katika njia asiyoizoea. Na yule anayejiona ana kasi, lakini amewekwa nyuma, huingiwa na kishawishi cha kufidia yote katika mzunguko wa kwanza.

Pocono mwaka ule nafasi zilipangwa kwa pointi za msimu. Josef Newgarden, aliyekuwa akiongoza, akaanza wa kwanza. Katika mzunguko wa kwanza kabisa magari matano yaligongana, na dereva Felix Rosenqvist akapelekwa hospitali kuchunguzwa. Baadaye hali ya hewa iliyakatiza mashindano baada ya mizunguko 128 kati ya 200, naye Will Power akatangazwa mshindi. Hatusemi kwamba ajali ile ilisababishwa na mpango wa pointi. Tunalosema ni kwamba kanuni ile haikubuniwa wakati mawingu yamekwisha tanda. Ilikuwa imeandikwa, na kila dereva aliijua.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake katika jambo hili. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, katika miaka yake ya mwanzo zilipanga nafasi za kuanzia kwa kura. Mvua ikinyesha, kura hiyo ilikuwa na uzito mkubwa, kwani aliyeanza nyuma aliikuta njia imekwisha vurugwa na waliomtangulia. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Na mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff katika gari la Peugeot. Kura haina upendeleo, lakini haina habari na bidii ya mtu.

Pointi, kwa upande wake, huitambua bidii. Lakini haki yake inategemea sharti moja, kwamba wote wanaopimwa walipewa nafasi zilezile za kuzichuma. Madereva wanaoshiriki msimu mzima hukimbia mbio zilezile, kwa hiyo aliye nyuma hana wa kumlaumu.

Sasa tutazame kwetu. Timu za shule zinachujwa kwa ajili ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Vijana wa Ngara husafiri kwa barabara kupitia Biharamulo hadi Bukoba, na wale wa visiwa vya Muleba huvuka ziwa. Mchujo ukipangwa mwezi wa Aprili au Mei, tope na mawimbi huwa washiriki pia. Ukifutwa, na viongozi wakaamua kuchagua kwa kuangalia rekodi, ni nani mwenye rekodi? Ni yule aliyekaa karibu na uwanja, aliyeonekana mara nyingi. Mtoto wa kisiwani ambaye hakuweza kufika katika michezo mitatu iliyotangulia hahesabiwi kuwa alizuiwa. Anahesabiwa kuwa hana pointi.

Hatari haiishii hapo. Kama dereva aliyewekwa nyuma hushawishika kujitosa, vivyo hivyo kijana asiyekuwa na hakika ya siku nyingine atapanda mtumbwi ziwa likiwa limechafuka, na mwalimu wake atanyamaza kwa kuogopa kuipotezea shule nafasi. Hakuna kombe linalostahili safari ya namna hiyo.

Kwa hiyo twawaomba maofisa wa michezo na wakuu wa wilaya wetu watimize mambo matatu. Kwanza, kila barua ya mwaliko itaje siku ya akiba, na ieleze kwamba asiyefika kwa sababu ya mvua au ziwa hatapoteza haki yake mpaka siku hiyo ipite. Pili, ikilazimu kutumia rekodi, zitumike tu zile za michezo ambayo kata zote, pamoja na za visiwani, ziliweza kuhudhuria. Tatu, rekodi hizo zikikosekana, kura ipigwe hadharani mbele ya walimu wa pande zote.

Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji karatasi moja iliyoandikwa mapema. Dalili ya mvua ni mawingu, na masika si mgeni katika mkoa wa Kagera. Huja kila mwaka, na kila mwaka tunajifanya tumeshtukizwa. Kanuni hiyo iandikwe sasa, jua lingali linawaka, ili mvua itakapofuta mchujo isifute pamoja nao haki ya mtoto anayekaa ng'ambo ya maji.