Beki wa Mtaani Asiuzwe, Wala Asijiuze

Wazazi wa Jericho, Kaloleni, Ziwani, Dandora na Kayole, nanyi vijana mnaofukuzana na mpira Camp Toyoyo mpaka giza linaingia, maneno haya ni yenu. Mwulize mtoto yeyote wa Eastlands anataka kucheza namba gani. Wengi watakujibu kwamba wanataka kufunga mabao. Anayepangwa nyuma hujiona ameadhibiwa, na mara nyingi ndivyo ilivyo: kocha amemwona mzito, au alichelewa mazoezini. Hapo ndipo tunapoanza kuidharau kazi ya beki, na dharau hiyo humfuata kijana mpaka siku ya kutia sahihi mkataba.

Tukumbushane jambo. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Mandela, lile la Washindi barani Afrika, mbele ya Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza kule Tunis ilikwisha 2-2, marudiano Kasarani yakawa 1-1, kombe likabaki Nairobi kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Peter Dawo anasifiwa hadi leo kwa mabao yake, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini piga hesabu: wageni wangeongeza bao moja tu siku ile, kombe lingepanda ndege. Aliyelinyanyua alikuwa nahodha Austin Oduor, beki, na katika ngome hiyo alikuwamo John Bobby Ogolla. Tangu hapo hakuna klabu nyingine ya wanaume ya Kenya iliyoleta nyumbani kombe la bara.

Hata Victor Wanyama, mtoto wa Muthurwa aliyefika Celtic, Southampton na Tottenham, riziki yake kubwa ilitokana na kumnyang'anya mpinzani mpira. Ulaya walimlipa kwa kazi ambayo sisi mtaani tunamtupia anayechelewa.

Nataka kijana amtazame hasa Musa Otieno, beki mzaliwa wa Nairobi. Alijiunga na Santos ya Cape Town katika miaka ya tisini akakaa huko zaidi ya mwongo mmoja, na katika msimu wa 2001/02 klabu hiyo ikawa bingwa wa Afrika Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 30 alipoiongoza Harambee Stars, timu yetu ya taifa, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka 2004, tulipoifunga Burkina Faso 3-0 na kupata ushindi wetu wa kwanza katika mashindano hayo. Miaka thelathini! Umri ambao fowadi wengi huanza kutafutiwa mrithi, beki ndiyo kwanza amekomaa. Fowadi hupimwa kila Jumamosi. Akikosa mabao mechi tano, jina lake linafutwa. Beki huaminiwa polepole, lakini akishaaminiwa hadumu kwa mbio tu. Hudumu kwa kuusoma mchezo, kwa kupanga wenzake, kwa kujua lini asiingie kwa kishindo.

Kwa sababu hiyo, kukata umri ni upumbavu kwa mchezaji yeyote, na kwa beki ni upumbavu maradufu. Kijana wa miaka 22 anayejiandikisha kuwa na 17 anajinyima miaka ya shule na kujifunga uwongo utakaomwandama katika kila pasipoti. Na kwa nini aharakishe, iwapo miaka yake bora bado iko mbele? Mzazi anayekubali cheti cha kuzaliwa kichezewe anamuuza mwanawe, hata kama ajenti amemwapia kwamba Ulaya hakuna atakayegundua.

Shule nayo isiachwe. Brian Mandela, beki aliyepitia Tusker kabla ya kwenda Afrika Kusini, aliumia goti mazoezini Ufaransa mwaka 2019, siku chache kabla ya Kombe la Mataifa lililofanyika Misri, akalikosa. Yeye alikuwa amekwisha kujijengea jina. Je, kijana anayechezea mashindano ya Koth Biro pale Ziwani, bila bima wala mkataba, goti likimtoka atakuwa na nini mkononi?

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Wanaopanga matokeo ya mechi kwa ajili ya kamari humwendea sana beki na kipa. Fowadi hawezi kuahidi kwamba timu yake itafungwa, lakini beki anaweza. Huteleza kidogo, hukaa nyuma ya mstari, huacha mtu mmoja bila ulinzi, na jukwaani watu watasema amechoka. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia kwa miaka 10 beki wa zamani wa Harambee Stars na kumtoza faini ya faranga za Uswisi 15,000 kwa kushirikiana na mpanga matokeo. Mwaka uliofuata ikawafungia wachezaji wa Kakamega Homeboyz, mmoja wao maisha. Miaka ya jasho katika vumbi ikaishia hivyo.

Simtetei aliyepokea hongo. Nafasi ya beki ni amana: wenzake wanapanda mbele wakimwamini, na mashabiki wamelipa kiingilio. Kuiuza amana hiyo ni wizi. Lakini nawauliza viongozi wa klabu, nawauliza bila woga: nani aliyemfungulia mlango mwenye bahasha? Kampuni ya SportPesa ilipoondoa udhamini wake mwaka 2019, klabu kubwa na ndogo zilibaki zikihaha, na wachezaji wakacheza miezi bila mshahara. Mwenyekiti anayemwacha beki wake adaiwe kodi ya nyumba, kisha amtake alinde lango kwa moyo safi, hawezi kujitoa kwenye lawama bahasha inapopokelewa. Dhambi ni ya aliyepokea, ila njaa ilipikwa ofisini.

Kijana naye asingoje huruma, kwa kuwa sheria iko upande wake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Maneno ya "tutaongea baadaye" yanayotolewa kando ya uwanja si mkataba. Na tangu 2018 kanuni za FIFA zinatambua kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuidai klabu kwa maandishi, kuipa angalau siku 15 ilipe, na isipolipa akauvunja mkataba kwa haki. Kipo pia chama cha wachezaji, KEFWA, ambacho miongoni mwa viongozi wake amekuwa James Situma, mwenyewe beki na nahodha wa zamani wa Harambee Stars. Wachezaji wangapi wa mitaa yetu wamewahi kukipelekea karatasi isomwe kabla ya kuitia sahihi?

Basi kijana, ukiletewa mkataba usiku ukaambiwa utie sahihi sasa hivi la sivyo nafasi itapotea, omba nakala. Mpe mzazi, mpe mwalimu, wapelekee KEFWA. Soma panapotajwa mshahara, matibabu, na nani atalipa ukiumia. Ajenti anayekataa nakala isomwe na mtu mwingine, mwache aende zake na kalamu yake. Nanyi mnaoongoza klabu, dirisha la usajili likifunguliwa, kabla hamjatangaza straika mpya kwa picha na mbwembwe, mwiteni beki mliye naye mumlipe miezi aliyocheza bila malipo.