KISIWA NACHO KINA MAHKAMA

Mwezi wa Aprili 2017, Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa wakati huo, Bwana Jeff Sessions, alitoa neno ambalo sisi watu wa visiwani hatupaswi kulisahau. Alisema astaajabu kuona jaji aliyekaa katika kisiwa cha Bahari ya Pasifiki anaweza kutoa amri ya kumzuia Rais wa Marekani. Kisiwa alichokidharau ni Hawaii, jimbo la 50 la nchi yake mwenyewe, lililoingizwa katika Muungano wao mwaka 1959. Na jaji aliyemstaajabia hakuwa mzushi aliyejitokeza pwani. Alikuwa jaji wa Serikali Kuu, aliyethibitishwa na Baraza la Seneti mwaka 2013 kwa kura 94, pasi na hata moja ya kumpinga.

Twauliza: tangu lini haki ikapimwa kwa pishi ya ardhi? Ama jaji akivuka maji hupotewa na elimu yake? Mabwana wa bara, popote walipo duniani, wana ada hii moja. Kisiwa kikinyamaza husifiwa kwa utulivu wake. Kikitoa hoja, huulizwa ukubwa wake.

Amri iliyozuiwa na jaji yule ilikuwa ya kuwafungia mlango raia wa nchi 6 zenye Waislamu wengi, Somalia ikiwamo. Kabla yake ilikuwapo amri ya Januari 2017, iliyotolewa kwa pupa hata ikawanasa watu wenye vibali halali vya kuishi Marekani daima. Hiyo ilizuiwa na jaji wa Seattle kwa mashitaka ya jimbo la Washington na jimbo la Minnesota. Serikali Kuu ikaandika ya pili, Hawaii ikaishitaki. Ikaandika ya tatu, Hawaii ikaishitaki tena. Mwisho wa kesi haukuwa ushindi. Tarehe 26 Juni 2018 Mahkama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliipitisha amri ile ya tatu. Lakini dola kubwa kuliko zote duniani ililazimika kuifuta na kuiandika upya karatasi yake mara mbili, na wale wenye vibali halali wakatolewa katika mtego. Hiyo si kazi ndogo kwa jimbo dogo.

Asije mtu akasema kwamba hayo ni ya Wamarekani, sisi yatuhusu nini. Amri zile zilifutwa na Rais Biden tarehe 20 Januari 2021. Rais Trump aliporejea madarakani alitoa nyingine Juni 2025, Somalia ikafungiwa kabisa na Burundi ikafungiwa kwa sehemu. Na Desemba 2025 jina la Tanzania nalo likaandikwa miongoni mwa nchi zilizowekewa vizuizi vya baadhi ya viza. Basi yanayobishaniwa katika mahkama za huko yamekwisha kutufikia mlangoni.

Hebu tuitazame hoja yenyewe. Msomaji wa visiwani hahitaji kufundishwa kwamba katika Muungano yapo mambo ya Serikali ya Muungano na yapo yasiyokuwa yake. Kwetu, uhamiaji ni jambo la Muungano; afya si jambo la Muungano. Marekani nako, sheria za uhamiaji hutungwa na Serikali Kuu, na hakuna gavana mwenye akili anayedai kwamba yeye ndiye mwenye kutoa uraia. Lakini Katiba yao, kwa badiliko lake la 10 lililopitishwa mwaka 1791, husema kwamba madaraka ambayo Serikali Kuu haikupewa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Na mwaka 1997 Mahkama ya Juu ilihukumu kwamba Serikali Kuu haina ruhusa ya kuwaamrisha maofisa wa jimbo wafanye kazi yake. Ikitaka sheria yake itekelezwe, na ipeleke watumishi wake, iwalipe mishahara yake, na lawama iibebe yenyewe.

Juu ya msingi huo ndipo majimbo mengi yalipotunga sheria za kuwazuia polisi wao wasigeuzwe maaskari wa uhamiaji. California ilitunga yake mwaka 2017. Illinois nayo ilitunga mwaka huo huo, na gavana aliyeitia saini, Bwana Bruce Rauner, alikuwa wa chama kile kile cha Rais Trump. Sheria hizo hazimfichi mtu, wala hazimfungii afisa wa Serikali Kuu njia. Zasema neno moja tu: kazi yako ifanye kwa mkono wako, wangu sikukopeshi.

Kwa neno hilo magavana wanaitwa waasi. La hasha! Mwasi hushika silaha. Hawa wameshika mashitaka. Mwasi huikimbia mahkama. Hawa wanaamkia mahkamani. Na kama twataka kuwajua wanaocheza na Muungano, tuwatazame wanaopiga kelele. Januari 2024, Rais akiwa Bwana Biden, Gavana wa Texas, Bwana Greg Abbott, alitangaza kwamba Serikali Kuu imevunja mapatano yake na majimbo, na askari wake wakashika bustani moja ya mpakani wakawazuia humo maofisa wa mpaka wa Serikali Kuu. Magavana 25 wa chama chake wakampigia makofi. Siku zile haki ya jimbo ilikuwa amana takatifu. Oktoba 2025, Rais akiwa Bwana Trump, gavana huyo huyo aliridhia askari wa Texas wapelekwe Illinois, ilhali Gavana wa Illinois, Bwana JB Pritzker, apinga kwa sauti yake yote. Imekwenda wapi amana takatifu? Au haki ya jimbo ni kanzu, huvaliwa Ijumaa na kutundikwa Jumamosi?

Kabla ya hapo, Juni 2025, Rais aliwachukua askari wa Walinzi wa Taifa wa California, apata 4,000, akawatia Los Angeles bila ya ridhaa ya Gavana Gavin Newsom. Mambo hayo yote yalikwenda mahkamani. Na tarehe 23 Desemba 2025 Mahkama ya Juu, ambayo majaji wake 3 kati ya 9 waliteuliwa na Rais Trump mwenyewe, ilikataa kumpa ruhusa ya kuwatumia askari wale Illinois wakati kesi ikiendelea. Wanaosema kwamba magavana walikuwa wakipiga ngoma ya wendawazimu na waisome hukumu hiyo.

Sasa tuje kwenye afya, kwani hapa si hoja ya wanasheria peke yao. Hapa pana makaburi. Februari 2025 Seneti ilimthibitisha Bwana Robert F. Kennedy Mdogo, mtu aliyetia shaka juu ya chanjo miaka mingi, kuwa Waziri wa Afya. Juni 2025 aliwaondoa kwa pamoja wajumbe wote 17 wa kamati ya wataalamu inayotoa shauri juu ya chanjo. Septemba 2025 California, Oregon na Washington zilitangaza umoja wao wa afya, na Hawaii ikajiunga nao, ili watoe shauri lao wenyewe kwa kuwasikiliza madaktari wao.

Kwa nini Hawaii ilifanya haraka? Kwa sababu Gavana wake, Josh Green, ni daktari, na aliyaona kwa macho yake yaliyotokea katika kisiwa cha jirani. Huko Samoa, Julai 2018, watoto wawili walifariki baada ya wauguzi kuichanganya chanjo ya surua na dawa isiyokuwa yake. Kosa lilikuwa la mchanganyiko, si la chanjo. Lakini uchanjaji ukasimamishwa kwa miezi, na wapinzani wa chanjo wakaipalilia hofu ya wazee. Bwana Kennedy alizuru Samoa Juni 2019 na kukutana na baadhi yao. Mwenyewe asema hana lawama. Kisha surua ikaingia. Katika nchi ya watu wapata 200,000, walikufa 83, na wengi wao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Desemba 2019 Serikali ya Samoa iliwaamuru watu wafunge kitambaa chekundu mbele ya kila nyumba ambayo mna asiyechanjwa, ili wauguzi waijue. Dakta Green, wakati huo Naibu Gavana, alivuka bahari na madaktari na wauguzi kwenda kusaidia kuchanja nyumba kwa nyumba. Aliyepita mbele ya vitambaa vile hawezi kuambiwa angoje waraka kutoka Washington.

Na yapo mahali ambapo mambo haya mawili, uhamiaji na afya, yamefungwa kamba moja. Juni 2025 Serikali Kuu iliwapa watu wa wizara ya usalama wa ndani, ambao ndio wenye kuwafukuza wahamiaji, khabari za watu walioandikishwa katika Medicaid, mpango wa matibabu ya wenye kipato kidogo. Julai 2025 majimbo 20 yalishitaki. Agosti jaji alizuia kwa muda matumizi ya khabari hizo. Mwishoni mwa mwaka akaruhusu sehemu yake. Mama mwenye mtoto anayechemka homa hasomi vifungu vya sheria. Akisikia kwamba daftari la daktari linasomwa na askari, atabaki nyumbani na mtoto wake. Na surua ikiingia nyumba hiyo haitabaki humo. Itakwenda skuli, itapanda basi, itamfikia na mtoto wa yule aliyeitia saini amri. Mlango wa hospitali ukigeuzwa mtego, mji mzima huugua.

Hapa adui wa hoja yetu atasimama na kusema: hiyo haki ya jimbo mnayoisifu, je, si ndiyo iliyowatesa watu weusi? Swali hilo ni la haki, na sisi hatulikimbii. Mwaka 1957 Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliwapanga askari wa jimbo lake kuwazuia watoto 9 weusi wasiingie skuli mjini Little Rock, na Rais Eisenhower alifanya vyema kupeleka jeshi la kuwalinda. Vile vile mwaka 2012 Mahkama ya Juu ilisema kwamba majimbo hayawezi kushurutishwa kuupanua mpango ule wa Medicaid. Na hadi mwaka 2025 majimbo 10, Texas na Florida yakiwamo, yalikuwa yamekataa fedha za Serikali Kuu huku masikini wao hawana matibabu. Huo nao waitwa uhuru wa jimbo.

Lakini ngao hiyo hiyo imewahi kushikwa na wengine. Sheria ya mwaka 1850 iliwataka watu wa majimbo yasiyo na utumwa washiriki kuwakamata watoro na kuwarejesha kwa mabwana zao. Mahkama ya Juu ya jimbo la Wisconsin iliitangaza sheria hiyo kuwa batili. Na ingawa Mahkama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo mwaka 1859, twauliza leo: nani aliyekuwa na haki, aliyemshika mtoro mkono au aliyemtia pingu?

Basi kipimo chetu ni hiki. Haki ya jimbo si mungu wa kuabudiwa. Ni ngao, na ngao huulizwa inamkinga nani. Gavana akiikataa amri ya Serikali Kuu ili mnyonge apate zaidi, apate chanjo, apate daktari, apate usingizi usiovunjwa na buti mlangoni, tutamwita mlinzi. Akiikataa ili mnyonge apate pungufu, tutamwita dhalimu, hata akitusomea Katiba kwa tajwidi.

Na kipimo hicho hatumwondolei mtu, hata yule tunayempigia makofi. California iliyajaza magazeti kwa maneno ya kuwatetea wahamiaji. Lakini katika bajeti yake ya mwaka 2025 Gavana Newsom alitia saini kwamba tangu Januari 2026 watu wazima wasio na hati wasiandikishwe upya katika mpango kamili wa matibabu wa jimbo. Sababu, wasema, ni upungufu wa fedha. Huenda fedha ni pungufu kweli. Lakini mtu hawezi kuwa ngao mahkamani na mlango uliofungwa zahanati. Anayemlinda mgeni asikamatwe, kisha akamwacha augue, amefanya nusu ya kazi na kudai ujira mzima.

Twasema basi kwa wale wa kule na wale wa popote wanaokalia viti vikubwa: Muungano haujengwi kwa kumnyamazisha mdogo. Mdogo akiikataa dhulma kwa hoja, mbele ya jaji, hajauvunja Muungano. Ameuonyesha mahali unapovuja. Mwenye busara huchukua boriti na makuti akapanda kuziba. Mjinga hukasirika, akauliza ni nani huyo, aliyekaa kisiwani, aliyethubutu kusema kwamba mvua inaingia.